Isiyotumika na Nani?

Katika kamusi tuliyoitumia skuli hapa Unguja, neno la Kiingereza "scheme" lilikuwa na jirani mmoja tu, naye ni "mpango". Nikalihifadhi hivyo pamoja na mamia ya wenziwe, likanipa alama yangu katika mtihani, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kulishuku. Neno ambalo halijamdai mtu chochote humkalia kichwani kimya, kama mgeni asiyeomba hata maji. Lilianza kunidai siku niliyofika Nachingwea.

Nilikwenda huko kumtembelea rafiki yangu, mwalimu wa Kiingereza. Kutoka Lindi gari hupita Mtama hadi Nanganga, na hapo msafiri huiacha barabara kuu ya Masasi akashika njia ya Ruangwa au ya Nachingwea. Pale Nanganga mama mmoja alituuzia karanga kwenye dirisha la basi. Sisi wa visiwani huziita njugu, au njugu nyasa tukitaka kuzitenga na njugu mawe, nami nikaomba njugu. "Karanga, baba," akanirekebisha kwa upole. Nikalipa, nikala, nikasahau.

Mji wa Nachingwea umejengwa kwa karanga. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Siagi, majarini na sabuni zilikuwa zikigawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki, na John Wakefield, aliyekuwa ameongoza idara ya kilimo Tanganyika, akatumwa na wenzake wawili kwenda kuitazama ardhi. Walisafiri kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege. Februari 1947 waraka wa serikali ukachapishwa London: ekari 3,210,000 zifyekwe na kulimwa, nyingi zikiwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya hizo katika Jimbo la Kusini. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari mpya Mtwara. Baadhi ya matrekta yalitokana na vifaru vya vita vya aina ya Sherman, vikavuliwa mizinga na kupelekwa kupigana na miti. Kongwa udongo ulipokauka uligeuka kama saruji, na mvua haikuwa imeusoma ule waraka. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa.

Habari hii imekwisha simuliwa mara nyingi, na kwa kicheko. Mimi nataka kuyatazama majina yake tu. Waraka wa mwaka 1947 uliliita jambo hili "plan". Magazeti na watu wa mitaani wakaliita "scheme", na ndilo jina lililobaki. Alan Wood, aliyekuwa afisa habari wa shirika lenyewe la karanga kabla ya kujiuzulu, alipoandika kitabu chake mwaka 1950 alichagua neno "affair". Mwisho, katika vinywa vya wapinzani bungeni, likawa "failure". Kamusi yangu ya skuli ingenipa: mpango, mpango, jambo, kushindwa. Ngazi nzima aliyoteremka Mwingereza, kutoka heshima hadi aibu, katika kamusi hiyo imelazwa chini kama ubao. "Plan" huwa na karatasi na rula mkononi. "Scheme" kwa Mwingereza si tusi, kwani hata malipo yake ya uzeeni huyaita hivyo. Lakini lina kivuli cha hila kinachorefuka au kufupika kwa kadiri ya anayelitamka, na kwa Mmarekani hurefuka zaidi. "Affair" hubeba harufu ya mambo yanayosemwa kwa sauti ya chini. Sisi tulipoliazima "scheme" tukapata "skimu", na skimu kwetu haifanyi lolote ila kumwagilia mpunga. Nalo "mpango" limejiotea kivuli chake lenyewe. Asiyejua aulize mpango wa kando ni kitu gani.

Hata "groundnuts" haikubaki karanga. Katika Uingereza ya miaka ya hamsini ilitosha mtu kulitaja neno hilo bungeni watu wakajua kwamba serikali inadhihakiwa kwa ubadhirifu. Mtoto wa London wa zama zile alilijua kama mzaha kabla hajaijua kama mmea. Mama wa Nanganga amesomesha watoto kwa karanga, na akiambiwa kwamba chakula hiki ni kichekesho atauliza kichekesho kiko wapi.

Na hilo la "failure" linanisumbua kuliko yote. Kwa Kiingereza mtu husema mradi "failed", sentensi ikatimia, mlango ukafungwa. Kwa Kiswahili ukisema mradi ulishindwa, sentensi inabaki na nafasi wazi mbele yake, kwa sababu kushindwa ni kutendwa, yuko aliyeshinda. Ulishindwa na nini? Na udongo, na ukame, na haraka, na watu wa mbali waliodhani kwamba nchi husomeka kutoka angani. Sarufi yetu yenyewe inadai jawabu ambalo sarufi yao inaruhusu lisahauliwe. Halafu tukaenda tukaliazima neno lao, tukalifanya "kufeli", na tukawapa watoto. Kwa muda mrefu katika Kiswahili aliyefeli alikuwa mwanafunzi tu. Wakubwa walishindwa, watoto wakafeli, na kufeli hakuulizi na nani.

Mfano wa kale zaidi ni "number". Mwanafunzi wetu hulipata darasa la kwanza, na hakuna neno jepesi kulishinda. Lakini katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Lindi, Kikwetu ikiwa mojawapo, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali walipewa namba, wakahesabiwa kwa namba, wakaitwa kwa namba, mpaka wao wenyewe wakawa manamba. Hakuna kamusi ya Kiingereza iliyochapishwa Oxford yenye maana hiyo, ingawa neno ni lao na waliolitumia hivyo walikuwa mabwana wa mashamba wenye lugha yao. Aliyeipata maana hiyo ni yule aliyeamshwa kwayo alfajiri. Nauliza basi: mtu huyo, ambaye pengine hakuwahi kutunga sentensi moja ya Kiingereza, alikijua Kiingereza au hakukijua?

Swali hili lina historia katika falsafa. Ludwig Wittgenstein, Mwaustria aliyefundisha Cambridge hadi mwaka 1947, aliwahi katika miaka ya ishirini kuwa mwalimu wa skuli za vijijini nchini kwao, na mwaka 1926 akachapisha kamusi ndogo kwa ajili ya watoto wa skuli za namna hiyo. Naipenda kazi hiyo yake kuliko umaarufu wake wote. Baadaye, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba, aghalabu, ukitaka kujua maana ya neno usitafute kitu kilichojificha nyuma yake, tazama linavyotumika. Alimfikiria mjenzi na msaidizi wake: mjenzi anataja jina la jiwe, msaidizi analileta. Lugha nzima ya watu hao ni maneno machache, na kulijua neno ni kujua la kufanya linapotamkwa.

Walimu wengi wa lugha leo husema vivyo hivyo bila ya kumtaja: usikariri orodha, sikiliza watu wanavyosema, soma magazeti, ishi na neno. Ni nasaha njema, nami nimeifuata. Hata hivyo mfano wa mjenzi una jambo ambalo mwenyewe hakulikawilia. Mjenzi huita, msaidizi hubeba. Hatusikii hata mara moja msaidizi akiita. Wote wawili wanalijua neno, lakini mmoja analijua kwa ulimi na mwengine kwa bega. Tukisema maana ni matumizi, ni lazima tuseme pia ni matumizi ya nani, na je, anayetumikishwa na neno anahesabiwa miongoni mwa watumiaji wake? Naona ahesabiwe. Naona zaidi ya hayo: kuna sehemu ya maana ambayo mwenye kuita hawezi kuijua mpaka aambiwe na mwenye kubeba.

Rafiki yangu aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa lake la kidato cha tatu. Walikuwa wakisoma kifungu kifupi kuhusu ardhi, na palikuwa na maneno "unused land". Akawataka wafasiri. Mvulana wa mbele alijibu upesi: ardhi isiyotumika. Mwalimu akakubali na kutaka kuendelea. Msichana mmoja karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, isiyotumika na nani?" Darasa likacheka, kwa kuwa walidhani anachokoza. Rafiki yangu, Mungu amjaze kheri, hakucheka. Alimuuliza ana maana gani. Msichana akaeleza kwamba bibi yake ana shamba ng'ambo ya mto ambalo halijalimwa mwaka wa nne huu. Linapumzika. Kuni zinatoka humo, uyoga pia, na dawa; na likishapona, bibi atalirudia. "Sasa hilo linatumika au halitumiki?"

Yule mtoto hakujua, wala mimi sikumwambia siku ile, kwamba mawakili na wasomi wetu wamelumbana juu ya neno hilo hilo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilipotungwa kwa Kiingereza, ilieleza kwamba ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, iliyotungwa pamoja na hiyo, haikuyaweka maneno hayo. Ekari ngapi za nchi zinaingia au zinatoka kijijini kwa ajili ya neno moja! Mwaka 1947 nalo lilikuwa swali hilo hilo. Wapimaji wa karanga waliona miti na miiba kutoka juu, wakaandika kama kwamba hapana watu. Wamwera walioishi huko wangeweza kuwaambia wapi palilimwa na babu ya nani, wapi palilazwa, na kwa nini miiba ya mahali fulani ni dalili ya maji kukosekana. Katika Kiingereza vyote hivyo viliitwa "bush". Kwa Kiswahili tungesema pori, nyika, msitu, kichaka au gofu la shamba, na Kimwera kina majina yake zaidi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama na ya kutungia sheria. Nilifurahi kama alivyofurahi kila mpenzi wa lugha hii. Lakini "isiyotumika" ni Kiswahili safi kabisa, na swali la msichana linalisubiri kama lilivyomsubiri mwenziwe wa Kiingereza.

Hapa patatokea msomaji aseme: basi tuwaache Waingereza na maneno yao. Siafiki. Watoto wa Nachingwea na Ruangwa wanafundishwa sekondari kwa Kiingereza mpaka leo, na ikiwa hawatakijua vizuri, watakaokijua watawaandikia mikataba. Ninalolilalamikia ni namna tunavyokijua. Tunamfundisha mtoto neno kama vile lingekuwa sarafu mpya kutoka kiwandani, halijawahi kununua kitu wala kumuuza mtu. Hali ya kuwa huko kwao, chini ya miembe yao, maneno hayo hayo yameacha alama. Wana mahali paitwapo Farm 17. Hakuna kamusi itakayompa mtoto maana ya "farm" hapo. Palikuwa shamba katika hesabu za zama za karanga. Tangu mwaka 1965 pakawa kambi ya FRELIMO, wakafunzwa humo wapiganaji waliokwenda kuikomboa Msumbiji, na Mei 1975 Samora Machel akatoka Nachingwea kwa safari ya kuvuka Ruvuma na kuiteremka nchi yake hadi mji mkuu. Mradi uliotajwa London kuwa umekufa ulikuwa na nyumba, barabara na mashamba ya kutumiwa na wengine kwa kazi ambayo hakuna waziri wa chakula aliyeiota. Ni "failure" kwa hesabu ya nani, tena?

Na tusijifanye kwamba ni Waingereza peke yao waliowafundisha watu wa kule maana za maneno kwa bega. Naandika haya kisiwani, kwa wasomaji wengi wa visiwani, na yafaa tuseme la kwetu. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi ilipita katika nchi hizo, na Kiswahili kilipita nayo. Neno "mshenzi" huko halikufika katika diwani. Kwa mwenye kulitamka lilikuwa na maana ya mtu wa bara asiye na ustaarabu wetu; kwa aliyeitwa hivyo lilikuwa na maana ya kwamba anaweza kukamatwa. Sisi tumebaki na ile maana ya kwanza, tukailainisha kwa miaka mingi mpaka ikawa tusi la sokoni. Niliporudi Unguja nikaomba njugu nyasa dukani, neno hilo la pili lilinikwama kidogo. Nyasa. Nani waliokuja nalo, na walikuja vipi? Sina hakika kwamba mbegu na watu walifuata njia moja, na sitaki kulilazimisha neno liseme lisiloyajua. Ila sikuweza tena kulitamka kama nilivyolitamka Nanganga.

Kabla ya kurudi, rafiki yangu alinipeleka Ruangwa kwa jamaa yake. Ardhi ya Ruangwa ina kinywe, madini meusi yanayotakiwa siku hizi kwa ajili ya betri, na mzee mwenyeji wetu alikuwa na karatasi ya tathmini ya shamba lake. Ilikuwa na Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Alitaka tumsomee, ijapokuwa niligundua mapema kwamba amekwisha kuisoma zaidi yetu. Alikuwa ameweka kidole juu ya neno "fidia". Katika dini, alisema, fidia anaijua: asiyeweza kufunga Ramadhani hulisha maskini, na mateka hukombolewa kwa fidia. Sasa hapa anayekombolewa ni nani? Shamba ndilo linalochukuliwa. Yeye yupo huru. Nikamwambia kwamba neno la upande wa pili, "compensation", asili yake ni Kilatini, na lina maana ya kupima kitu na kitu katika mizani. Akafikiri. "Mizani afadhali," akasema. "Mizani mtu huiona inapoinama." Kisha akauliza: je, hiyo mizani imepima shamba, au imepima na yeye kuondoka?

Mjukuu wake alikuwa ameketi mkekani na daftari, akiandika kwa ile tunayoiita Unguja kalamu ya risasi. Waingereza nao huiita hivyo kwa lugha yao, wakimaanisha madini ya risasi, nasi tulifasiri kosa lao neno kwa neno. Risasi haimo. Tangu mwaka 1779, mkemia Scheele alipoichunguza, ilijulikana kwamba kilichomo ni kitu kingine kabisa. Nikamwambia mtoto kwamba kilichomo ndani ya kalamu yake ni kinywe, hicho hicho kilichoko chini ya shamba la babu. Akaigeuza ncha, akaitazama karibu na jicho, akamtazama babu yake kama anayeomba ithibati. Mzee alimsogezea ile karatasi ya tathmini.

"Yaandike hayo mawili hapa pembeni," alimwambia. "Fidia. Na lile la mizani."

Mtoto akayaandika, moja chini ya jingine, akaacha nafasi mbele ya kila moja.